Mbwa Kijana Aingiapo Nyumba Mpya

Katika Kenya watu wengi hufuga mbwa, lakini wanaowafunza ni wachache. Mbwa huletwa nyumbani, hutupiwa makombo jioni, hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na mwenyewe huridhika kwamba sasa amepata mlinzi. Mbwa akiwa mpole kwa tabia yake, mambo huenda vizuri kwa bahati tu. Lakini akiwa mbwa kijana mwenye nguvu nyingi, aliyetoka kwa mtu mwingine akiwa amekwisha kuota meno yake yote, juma la kwanza halipiti bila malalamiko. Kuku wamefukuzwa, viatu vimetafunwa, shuka iliyoanikwa imeburutwa matopeni, na mgeni aliyekuja kusalimu amerukiwa kifuani. Mwisho wa mwezi mbwa hurudishwa alikotoka, au hupewa mtu mwingine, au hupelekwa mbali kwa gari na kuachwa karibu na soko. Njia hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote.

Mambo hayo hutokea zaidi kwa mbwa wa umri fulani, na sababu yake si vigumu kuielewa. Mtoto wa mbwa wa miezi 2 humpendeza kila mtu. Watoto humbeba, na akiuma kidole hucheka. Afikapo miezi 6 au 8 huwa na uzito wa kumwangusha mtoto huyo huyo, na mchezo wa kuuma vidole bado haujamtoka, maana hakuna aliyemkataza. Tena ndio wakati wa ubalehe wake, ambao huanza yapata miezi 6 na kwa mbwa wa aina kubwa huweza kuendelea mpaka mwaka na nusu au miaka 2. Wakati huo hata neno alilolijua vizuri jana huweza kujifanya halijui leo. Ndipo mwenyewe huchoka akatafuta wa kumpa.

Mbwa wa namna hii hupatikana kwa majirani, na pia katika makao ya wanyama wasio na wenyewe. Chama kijulikanacho kwa herufi KSPCA, ambacho asili yake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1910, kina makao ya namna hiyo kando ya barabara ya Langata, Nairobi, na watu huenda huko kuchagua mbwa au paka wa kumpeleka nyumbani. Anayekwenda kuchagua hufanya vyema kuuliza mambo mengi kabla ya kupendezwa na rangi ya manyoya: mbwa huyu ametoka wapi, amepata kukaa na watoto, ameona kuku na mbuzi, hufanya nini akiachwa peke yake? Majuma tangu la 3 mpaka karibu la 14 ya maisha ya mbwa ndiyo ajifunzayo kwamba kitu fulani ni cha kawaida. Mbwa aliyepitisha majuma hayo ndani ya kibanda, asione mtoto akikimbia wala asisikie pikipiki, huogopa vitu hivyo akiwa mkubwa. Naye huonyesha woga wake kwa kubweka na kutoa meno, na watu husema ni mkali.

SIKU ZA KWANZA

Siku ya kumleta mbwa nyumbani iwe siku ya utulivu. Si vema kumleta siku ya harusi, wala siku ambayo wageni wamealikwa, wala kumwita kila jirani aje amwone. Mbwa huyo hajui kama amefika kwao; anachojua ni kwamba harufu zote alizozizoea zimetoweka. Wengine katika hali hiyo hujikunja pembeni wasile kwa siku nzima, na wengine hukimbia huku na huku bila kutulia. Hao wa pili ndio watu husema wana furaha, kumbe mara nyingi ni wasiwasi.

Watu wenye uzoefu wa kazi hii hutumia kipimo cha siku 3, majuma 3 na miezi 3. Katika siku 3 za kwanza mbwa bado amepotewa na mambo. Baada ya majuma 3 hivi amekwisha kuzijua saa za chakula na sauti za watu wa nyumba, na ndipo tabia yake ya kweli, njema na mbaya, huanza kuonekana. Baada ya miezi 3 huanza kujiona ni mwenyeji. Kipimo hiki si sheria, maana mbwa hawafanani. Lakini humsaidia mtu asikate shauri la kumrudisha mbwa katika juma la pili, wakati ambao mambo huwa magumu kabisa.

Kabla ya kuingia ndani, mbwa apelekwe kwanza kwenye pembe ya kiwanja ambayo itakuwa mahali pake pa haja, na asubiriwe hapo mpaka ajisaidie, kisha asifiwe. Apelekwe pembe hiyo hiyo kila aamkapo, kila amalizapo kula na kila amalizapo kucheza. Akikosea, mahali hapo paoshwe vizuri ili harufu isibaki. Ile desturi ya kumsugua pua katika uchafu wake haina faida yoyote: mbwa hawezi kuunganisha adhabu ya sasa na kosa la nusu saa iliyopita. Anachojifunza ni kuogopa mkono wa bwana wake, na kwenda kujisaidia mafichoni, nyuma ya kabati.

Awe na mahali pake pa kulala, pakavu, pasipo na upepo, na watoto waonywe kwamba akiwa hapo hasumbuliwi. Waonywe pia wasimguse anapokula, wasimvute mkia, wala wasimkumbatie shingoni. Watoto wengi wanaoumwa na mbwa huumwa na mbwa wanayemjua.

Kama nyumbani pana mbwa mwingine wa zamani, wasikutanishwe langoni, kwa kuwa hapo mwenyeji huona kazi yake ni kuzuia. Watu wawili wawachukue kila mmoja kwa kamba yake, watembee njia moja nje ya boma, kwanza mbali mbali, kisha karibu, na baadaye waingie pamoja. Vyombo vyao vya chakula viwekwe mbali.

Kuku na mbuzi wahitaji subira zaidi. Mbwa afungwe kamba ya urefu wa mita 5 hivi na akae na bwana wake mahali ambapo anawaona kuku kwa mbali. Kila ageuzapo uso kutoka kwa kuku na kumtazama bwana wake, apewe kipande kidogo cha nyama. Siku nyingine wasogee hatua chache. Kazi hii yaweza kuchukua mwezi mzima, na katika muda huo asiachwe peke yake uwanjani pamoja na kuku hata kwa dakika 5. Mara moja tu akimkamata kuku akamla, mafunzo ya mwezi mzima yatakuwa yameharibika, maana amekwisha kujua utamu wake.

NGUVU ZIENDE WAPI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nguvu za mbwa kijana haziondoki kwa kukemewa. Zisipopewa kazi, zitajitafutia. Na kazi azijuazo mbwa ni kuchimba, kutafuna, kufukuza na kubweka. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba mbwa wake amechimba mashimo katika kitalu cha sukuma wiki angejiuliza kwanza mbwa huyo alitembezwa lini.

Mbwa wa umri huu atembezwe mara 2 kwa siku, alfajiri na jioni, kabla jua halijawa kali. Nusu saa hadi dakika 45 kila mara hutosha kwa wengi. Lakini kutembea kwa mwendo wa askari, mbwa akivutwa kila ainamishapo pua, humpa faida nusu tu. Mbwa huijua dunia kwa pua kama mtu aijuavyo kwa macho, na kumnyima kunusa ni kama kumtembeza mtu mjini akiwa amefungwa kitambaa usoni. Dakika 10 za kunusa kwa makini humtuliza kuliko mbio nyingi. Nyumbani pia chakula chake, badala ya kuwekwa chote katika bakuli, chaweza kutawanywa majanini au kufichwa chini ya makopo, akitafute kwa pua. Mbwa aliyefanya kazi hiyo kwa robo saa hulala mwenyewe.

Cha kutafuna apewe pia, kwa kuwa hamu ya kutafuna haikatazwi. Mpira mgumu ambao hawezi kuumeza wafaa. Mifupa iliyopikwa haifai, hasa ya kuku, maana huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma matumbo. Gunzi la mahindi ni hatari ambayo watu wengi hawaijui: mbwa hulimeza vipande, likaziba matumbo, na mara nyingi hawezi kuokolewa bila kupasuliwa. Vitunguu na chakuleti ni sumu kwake.

Kwa wanaodhani kwamba mbwa mwenye pupa namna hii hafai kitu, yafaa wajue mahali ambapo pupa hiyo hutafutwa. Katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, mbwa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) wametumiwa kunusa mizigo na kugundua pembe za ndovu zinazofichwa. Wanaochagua mbwa kwa kazi ya kunusa hawamtaki mpole asiyejali. Humtaka yule ambaye mpira ukitupwa majanini hawezi kutulia mpaka ameupata, naye ndiye yule yule ambaye katika nyumba ya mtu asiye na nafasi angeitwa mharibifu. Ujira wa mbwa wa kunusa ni kurushiwa mpira wake, basi.

NENO MOJA KWA WOTE

Mwanachuoni wa Kirusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo la Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula tumboni, aliona kwamba mbwa wake walianza kutokwa na mate kabla ya kuona chakula, waliposikia tu dalili za kuja kwake. Kila afugaye mbwa ameliona jambo hili jikoni kwake. Maana yake kwa mfunzaji ni kwamba mbwa huunganisha vitu viwili vinavyofuatana upesi. Akiketi, na mara hiyo hiyo akapewa kipande cha nyama, ataketi tena. Nyama ikichelewa akawa amekwisha kusimama, basi amelipwa kwa kusimama.

Mafunzo yawe mafupi, dakika 5 hivi, mara 3 au 4 kwa siku, na afadhali kabla ya chakula akiwa na njaa kidogo. Maneno machache hutosha mwanzoni: jina lake, neno la kumwita, neno la kuketi na neno la kuacha. Jina liwe fupi. Wakenya wengi huwaita mbwa wao Simba, na kwa upande wa mafunzo ni jina zuri, ingawa mtaani ukiita Simba waweza kujibiwa na mbwa watatu.

Jambo linaloharibu mafunzo katika nyumba nyingi ni watu wa nyumba kutosikilizana. Baba husema Njoo, mama husema Kuja hapa, watoto waliotoka shule hutoa amri kwa Kiingereza, na nyanya humwita kwa lugha ya nyumbani. Baba hamruhusu mbwa kupanda kitini, lakini watoto humpandisha baba akitoka. Mtu humrusha chini arukapo, na mwingine humpapasa kichwa kwa kitendo hicho hicho. Mbwa wa namna hiyo si mkaidi. Hajaambiwa jambo moja mara mbili. Yafaa watu wa nyumba, pamoja na msaidizi wa kazi ambaye mara nyingi ndiye hukaa na mbwa mchana kutwa, wakae kabla mbwa hajafika, wapatane juu ya maneno na juu ya mipaka, kisha mtu asivunje.

Kwa mbwa anayewarukia watu dawa ni rahisi kueleza na ngumu kutenda: arukapo, mtu ageuke, anyamaze, asimguse, akiweka miguu yote minne chini, ndipo asalimiwe. Kumsukuma na kupiga kelele humfurahisha, maana hudhani ni mchezo. Anayevuta kamba njiani naye asifuatwe. Bwana wake asimame mpaka kamba ilegee, ndipo waendelee. Safari ya kwanza ya namna hii huenda isifike hata kwenye duka la jirani.

Neno la kumwita ndilo la thamani kuliko yote, kwa kuwa laweza kumwokoa na gari. Basi mbwa asiitwe kamwe ili apigwe. Mtu amwitaye mbwa aliyefanya kosa, kisha akamchapa alipofika, amemfunza kwa mkono wake mwenyewe kwamba kuitikia mwito ni hatari. Fimbo kwa jumla haifundishi kitu cha maana. Humnyamazisha mbwa wa woga mpaka siku ambayo woga umezidi, na siku hiyo hauma fimbo, huuma mkono.

MNYORORO NA ULINZI

Wengi watasema mbwa wao si wa kuchezea, ni wa kulinda, na akizoeana na watu hatalinda. Ndiyo sababu humfunga kwa mnyororo mfupi kuanzia asubuhi hadi usiku. Lakini mbwa kijana aliyefungwa hivyo hapati nafasi ya kujifunza nani ni mgeni mwema na nani ni mwivi. Kila apitaye ni adui asiyefikika. Siku mnyororo ukikatika, huuma anayekuwa karibu, na mara nyingi huyo ni mtoto wa nyumbani au wa jirani. Mbwa aliyefunzwa na kushibishwa hubweka vile vile asikiapo nyayo ngeni usiku, maana kulinda pake pamo katika asili yake. Tofauti ni kwamba akiambiwa Acha, huacha. Pasipo na ua wa kutosha, kamba inayoteleza juu ya waya mrefu uliotandazwa baina ya miti miwili ni afadhali mara nyingi kuliko mnyororo wa mita moja.

Katika pwani na katika nyumba za Waislamu popote, mbwa wa ulinzi hukaa nje, na mate yake huhesabiwa najisi. Hilo halizuii malezi mema. Kibanda kikavu, chombo chake mwenyewe cha maji, matembezi na mafunzo vyote vyawezekana uwanjani, bila mbwa kuvuka kizingiti.

AFYA YAKE NA YA WATU

Mbwa mgeni apelekwe kwa daktari wa wanyama katika juma la kwanza, hata akionekana mzima. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi, na mpaka leo hakijatoka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa sababu ya kuumwa na mbwa, na wengi wao wako Afrika na Asia. Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kuukomesha kwa watu ifikapo mwaka 2030. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mbwa huchanjwa afikapo miezi 3, na chanjo hurudiwa kwa wakati utakaotajwa na daktari, ambao mara nyingi ni kila mwaka. Mbwa asiyejulikana kama amechanjwa ahesabiwe hakuchanjwa.

Mtu akiumwa, hata kidogo, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za ugonjwa zikisha kuonekana kwa mtu, ni kama hakuna dawa tena. Lakini chanjo ikipatikana mapema humwokoa. Ndiyo maana mbwa aliyetupwa sokoni si hasara ya mbwa peke yake. Hukosa chanjo, huchanganyika na mbwa wazururao, na siku moja hukutana na watoto waendao shule.

Apewe pia dawa ya minyoo, na matumbo mabichi ya mbuzi au kondoo aliyechinjwa asipewe kamwe. Ndani yake huweza kuwamo mbegu za tegu mdogo ambaye hukaa ndani ya mbwa, na mayai yake yakiingia kinywani mwa mtu hufanya uvimbe wenye maji katika ini au mapafu. Turkana ni mahali ambapo ugonjwa huu ulijulikana kwa miaka mingi kuwa mwingi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia. Kunawa mikono baada ya kumshika mbwa ni kazi ya dakika moja.

Kama mwenye mbwa hana haja ya watoto wake, amwulize daktari habari za kumhasi. Dume aliyehasiwa mara nyingi hupunguza tamaa ya kuzurura, na jike hazai watoto 6 au 8 wa kutafutiwa nyumba, jambo ambalo ndilo lililoanzisha taabu hizi zote.

Na pakiwa na nyumba ambayo, baada ya miezi 3 ya kujaribu kwa kweli, mambo hayakupatana, kwa sababu mtoto mchanga amezaliwa, au kazi imemhamisha mtu, au mbwa na mbuzi hawakai pamoja, mbwa arudishwe kwa mkono kwa yule aliyemtoa au katika makao ya wanyama, pamoja na kadi yake ya chanjo. Mpokeaji aelezwe kila kitu bila kuficha: huyu huogopa pikipiki, huyu asiachwe na kuku, chakula chake ni hiki, na neno lake la kuitwa ni hili.